Mbuzi Hajaalikwa

Naomba niseme mapema, kabla hamjasikia kwa mwingine akaongezea chumvi: yule Meshaki anayetajwa kwenye ule wimbo unaopigwa kwenye harusi, kwenye bajaji na juzi hapa uwanjani mwamuzi alipokataa goli la wazi, ni mimi. Si mtu wa kubuni. Ni mimi, mtumishi wa serikali, mtu mzima mwenye kitambulisho kinachoning'inia kifuani, na kila mnaponiuliza bendi yetu ilipataje wazo la wimbo wetu wa kwanza kupendwa nchi nzima, huwa najibu "ubunifu tu, ndugu zangu" halafu nabadilisha mazungumzo. Leo nasema kweli. Kucheka ruksa, ila nisikilizeni mpaka mwisho.

Bendi inaitwa Mafiga kwa sababu tuko watatu. Habibu ni mpiga gitaa, Mrangi wa Kondoa, baba yake anauza nafaka Majengo, kwa hiyo mchana Habibu anapima mahindi na jioni anapiga gitaa utadhani limemtukania wazazi. Tabitha anaimba na kupiga besi. Ni mwalimu wa hesabu, hasemi sana, ila akisema ujue ameshajumlisha na kutoa. Mimi napiga dramu. Na muziki wetu ni roki. Ndiyo, roki, hapa hapa Dodoma. Mwenye nyumba wa kwanza aliyetupangisha chumba cha mazoezi alitufukuza wiki ya pili akisema kuku wake wameacha kutaga, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Tulihangaika miaka, tukipigia watu kumi na wawili ambao nusu yao ni ndugu, mpaka tukampata Dani, kijana mwenye studio ndogo Area D (studio maana yake chumba kimoja chenye magodoro ukutani na feni isiyoruhusiwa kuwashwa). Dani alitusikiliza nyimbo tatu, akavua vile vya masikioni, akasema, "Mnapiga vizuri. Lakini mnaishi kwenye nyumba ya mtu mwingine. Kwani hapa Dodoma hakuna ngoma?"

Mdomo wangu ukatangulia. "Ngoma ipo! Bibi yangu Buigiri ndiye muheme wenyewe."

Kwa asiyejua: muheme ni ngoma yetu Wagogo, na wapigaji wake ni wanawake. Mwanamke anaibana ngoma mapajani na kuipiga, mwanamume anaimba na kucheza pembeni, basi. Mwanamume kuipiga ni kitu ambacho hata hakikatazwi sana, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kuna atakayejaribu.

"Safi," Dani akasema. "Ijumaa mchana nina nafasi. Mlete Bibi."

Na hapa, jamani, ndipo aibu yenyewe ilipo, si pale mtakapocheka baadaye. Bibi Yunia ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Ni mtu wa sauti kubwa. Anavuta ugoro na kupiga chafya tatu za kutikisa mlango, anavaa sweta hata jua likiwa utosini, na mbele ya watu ananiita mume wangu, kama bibi wengine wanavyotania wajukuu zao, ila yeye anaita kwa kupaza. Nikamwaza ndani ya ile studio, na Dani na hereni yake sikioni, na sisi wanaroki tuliovaa nyeusi kwenye joto lile, nikaona hapana. Nikasema, "Bibi miguu inamsumbua, safari hawezi. Nitaleta ngoma yake, nitaipiga mimi." Miguu! Bibi ambaye anakwenda kusalimia watu kijiji cha tatu kwa miguu na kurudi kabla uji haujapoa!

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini nikaenda Buigiri. Nilimkuta anapepeta uwele.

"Mbukwa, Bibi."

"Mbukwa, mume wangu. Umekonda. Hiyo serikali haikulishi?"

Nikakaa, nikauliza habari za mbuzi, za kanisani, za magoti ya jirani, halafu nikasema, "Bibi, naomba ile ngoma yako. Kuna wasichana wa kwaya mjini wanataka kuipiga kesho. Jumamosi asubuhi nairudisha."

Akaacha kupepeta. "Wasichana."

"Ndiyo, Bibi."

"Wa kwaya."

"Ndiyo, Bibi."

Akanitazama kwa muda ambao mtu mwenye akili angeutumia kutubu. Jumamosi hiyo hiyo binamu yangu Lea alikuwa anaolewa, na wakwe wangekuja kutoka Kongwa, na ngoma ile ndiyo ilikuwa ianze. Aliiwamba mama yake Bibi. Ngoma nyingine zote za kikundi huifuata ile. Bibi husema bila hiyo, hizo nyingine ni ndoo tu. Lakini aliinuka, akaingia ndani, akaitoa ikiwa imefungwa kwenye kanga, akanipa kwa mikono miwili.

"Waambie hao wasichana," akaanza, "kukiwa na mawingu ngozi inalegea, sasa wasiiweke karibu na..."

"Wanajua, Bibi."

"Nakwambia moto wake si wa..."

"Wanajua, Bibi, nachelewa gari."

Basi. Maneno mawili tu, "wanajua Bibi", ndiyo yaliyonifikisha hapa nilipo.

Ijumaa mvua ikanyunya tangu asubuhi. Tulipofika studio nikaigonga ngoma ikatoa sauti ya mtu anayejikuna. Ngozi imelegea. Hilo nililijua: ngoma huota moto ikakaza, nimeona toka utotoni. Nisichokijua ni kwamba wale akina mama huwasha majani makavu, moto wa haraka usio na hasira, na ngoma wanaishika kwa mbali wakiigeuzageuza huku wakiisikiliza kwa kidole. Mimi nilimwona dada anayekaanga mihogo nje ya geti la Dani, jiko lake la mkaa limekolea wekundu, nikamwomba, "Dada, naomba tuote moto kidogo."

"Wewe au hiyo?" akauliza.

Nikaweka matofali mawili, nikailaza ngoma juu ya jiko, uso chini. Simu ikaita. Mkuu wangu wa kitengo anauliza taarifa ya robo mwaka iko wapi na mimi niko wapi, nikasogea nyuma ya ukuta ili asisikie mafuta ya mihogo yanavyochacharika, nikamwambia nipo hapa hapa, nimetoka tu kidogo kufuata karatasi (huo ukiuhesabu ni uongo wa tatu), na yeye naye siku hiyo alikuwa na maneno mengi, nikawa naitikia ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, mara nikasikia PAA!

Habibu akatoka ndani mbio. "Tairi?"

Haikuwa tairi. Ngozi ilikuwa imepasuka ukingo hadi ukingo. Dada wa mihogo akaiangalia, akanyanyua mwiko wake, akasema kwa upole kabisa, "Kaka, hiyo imeiva."

Tabitha akaokota vile vipande, akavikunja taratibu na kuvitia kwenye mkoba wake. Halafu akasema, "Mpigie Bibi simu. Sasa hivi."

"Nimpigie leo, kesho harusi? Nimharibie siku?" nikasema, kwa sauti ya mjukuu mwema. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na niliogopa kama nimevunja chungu.

Habibu (Mungu amsamehe, alikuwa na nia njema) akasema, "Ngozi ni ngozi. Majengo pale namjua mchinjaji, tunapata mbuzi wa leo leo, tunawamba, kesho ipo."

Mbuzi wa leo leo. Mtu yeyote wa kijijini angemwambia kwamba ngozi hulowekwa, hukwanguliwa, huanikwa, hupewa siku zake. Lakini sisi tulikuwa watoto wa mjini wenye haraka, basi saa kumi jioni tulikuwa tumechuchumaa nyuma ya ghala la baba yake Habibu tukimnyoa marehemu mbuzi kwa wembe. Nyembe zikaisha. Habibu akaenda kwa kinyozi kuazima mashine, akarudi mikono mitupu na matusi ya kinyozi masikioni. Tabitha, aliyekuwa ametukatalia katakata, mwishowe akatuonea huruma akatuletea draya ya saluni kwa dada yake, tukaipuliza ile ngozi kama tunamwandaa bibi harusi. Mpaka giza linaingia tulikuwa tumeigongomea kwenye mzinga wa ngoma kwa vigingi vyake vya zamani. Upande mmoja ulikuwa mweupe. Upande wa pili manyoya ya kahawia yalikuwa yamebaki, kiraka kizima. Nikaigonga. Haikusema kitu.

"Ikikauka itaongea," Habibu akasema.

Jumamosi jua likawaka kama mvua haijawahi kunyesha. Tukapanda kirikuu, kile kigari cha mizigo cha baba yake Habibu, sote watatu tumebanana mbele, ngoma nyuma, na tulipofika nusu ya njia harufu ikatufikia mbele. Tabitha akatoa pafyumu yake, tukasimama, nikaipuliza ngoma yote. Ikawa inanuka kama mbuzi anayekwenda harusini, na kusema kweli ndiko alikokuwa anakwenda. Kuanzia barabara kuu mpaka nyumbani kwa Bibi, mbwa wawili walikuwa wanatukimbilia nyuma. Sisi tulikuwa tunajifanya hatuwaoni.

Nilichelewa makusudi. Hesabu yangu ilikuwa kwamba nikifika watu wameshakaa, Bibi hatapata muda wa kuikagua. Watu walikuwa wametoka kanisani, wamejaa chini ya turubai, wakwe wa Kongwa mbele na suti zao, maharusi kwenye makochi, mshereheshaji na kipaza sauti. Akina mama wa muheme walikuwa wameshakaa kwenye vigoda vyao, kila mmoja na ngoma yake, na Bibi katikati, mapajani hana kitu, anasubiri.

Nikampa. Akafungua kanga.

Aliiangalia ngoma. Akaniangalia mimi. Nzi mmoja akatua juu ya ngozi, halafu akaita wenzake. Nikadhani ataiweka chini aseme anaumwa mkono, lakini Bibi Yunia si mtu wa kukimbia, aliibana mapajani, akainua mkono, mshereheshaji akapiga kelele "Muhemeeee!", na Bibi akapiga.

Bwap.

Jamani, ile sauti. Ni ugali umedondoka sakafuni. Na pale alipopiga, kishungi cha manyoya kilinyanyuka, kikaelea kwa utulivu mbele ya watu wote, kikatua kwenye soda ya mama mkwe wa Lea. Pakawa kimya. Kimya cha watu mia kadhaa wanaomwangalia mtu mmoja, na mtu huyo anaangalia viatu vyake. Na katika kimya hicho, nyuma ya jiko, mbuzi aliyefungwa tangu asubuhi, zawadi kutoka kwa wakwe, akaitika: "Meeee."

Mama mkwe wa Lea ndiye aliyeanza kucheka. Baada ya hapo hakuna aliyebaki kwenye kiti chake.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa karibu na nilimwona Bibi. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya ile ngozi mbichi, anakipapasisha polepole kama anatafuta kitu alichokizoea, na midomo ilikuwa inamtetemeka. Sitakaa niisahau ile midomo. Halafu akavuta pumzi, akaisukuma ngoma pembeni, akanyoosha mkono nyuma akashika dumu tupu la mafuta ya kupikia, akalibana mapajani, na kuanza kulipiga. Akapiga mpaka dumu likakubali. Kisha akaimba.

"Nani kamleta mbuzi?"

Wenzake hawakujua waitikie nini. Akawaitikia mwenyewe: "Meshaki!"

Wakaelewa. Wote wakaingia na ngoma zao.

"Nani kamleta mbuzi?"
"Meshaki!"
"Kaja bila kunyoa!"
"Mbuzi hajaalikwa!"
"Kajipaka manukato!"
"Mbuzi hajaalikwa!"
"Anataka meza kuu!"
"Mbuzi hajaalikwa!"

Sasa kwetu, akina mama wakikuimba hadharani huna ruhusa ya kujitetea na huna ruhusa ya kuondoka. Ukiondoka, umewakana. Unacheza. Basi nikacheza, peke yangu katikati ya uwanja, na suti niliyoshona kwa ajili ya harusi, narusha mabega jasho linanitoka, na kila nikidhani wanamalizia Bibi anakumbuka ubeti mwingine. Wakamwona Habibu amejikunja ndani ya kirikuu, wakamtoa. "Na huyu ndiye kinyozi!" Bibi akaimba, na Habibu akacheza pia, Mrangi wa watu, vibaya kuliko mimi. Tabitha alisimama kwenye kivuli cha turubai ameshika simu yake, anarekodi, na nikaona kidole chake cha mkono mwingine kinapiga besi hewani.

Mchana ulipopoa nilimfuata Bibi nyuma ya jiko. Alikuwa amekaa kwenye gogo, ameinamia ngoma. Hakuinua uso.

"Ile ngozi ya mama iko wapi?"

Tabitha alikuwa nyuma yangu. Alifungua mkoba, akampa vile vipande kwa mikono miwili, akapiga goti, akaondoka. Bibi akavilaza mapajani, akavilainisha kwa kidole gumba.

"Bibi," nikasema, "hakukuwa na wasichana wa kwaya."

"Najua. Nani anatuma mwanamume kuchukua muheme? Wangekuja wenyewe, wakakaa, wakafundishwa."

"Sasa kwa nini ulinipa?"

"Tangu upate kazi wewe ni wa kuleta tu. Unaleta sukari, umeleta bati, umeleta simu. Hujawahi kuniomba kitu. Siku umeomba, nikafurahi. Nikakupa."

Hapo nililia, sina haja ya kuficha. Nikamweleza yote, studio, jiko la mihogo, mkuu wa kitengo, wembe. Akauliza swali moja tu: "Sasa ulipotaka sauti ya ngoma, kwa nini usinichukue mimi? Ningekuja. Miguu yangu ina nini?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na uzoefu wa siku tatu. Nikasema, "Nilikuonea aibu, Bibi."

Akatoa ugoro, akavuta, akapiga chafya zake tatu. "Na mimi leo nimekuonea aibu," akasema. "Mbele ya wakwe. Sasa tumelingana. Nenda kanywe maji, umecheza sana."

Njiani kurudi Tabitha alitusikilizisha ile rekodi, na kabla hatujaingia mjini Habibu alikuwa anapiga gitaa kwenye dashibodi kwa vidole, na mimi, niliyeaibishwa, nilikuwa naitikia "Mbuzi hajaalikwa!" bila kujijua. Ijumaa iliyofuata nilimfuata Bibi mwenyewe Buigiri. Alikuja na wenzake wawili na lile dumu. Alimkuta Dani mlangoni, akamwuliza kama hereni ile ni ya mke wake, akakataa vile vya masikioni kwa sababu vinabana kilemba, akapiga chafya ndani ya kipaza sauti (ipo kwenye wimbo, mwanzoni kabisa, mnadhani ni sauti ya kompyuta), na akaimba mara moja tu. Dani alitaka turudie tukiweka jina lingine, akasema mtu wa serikali asije akapata shida kazini. Bibi akamkatalia.

"Jina libaki. Nilimpa mimi."

Limebaki. Mkuu wangu wa kitengo sasa nikichelewa kikao haniulizi nilikuwa wapi, anaangalia wenzangu, nao wanaitikia wote kwa pamoja. Mimi nacheza kidogo pale mlangoni halafu nakaa. Nilishaapa: kwa Bibi sitatuma wasichana wa kwaya tena, sitamkatiza akiwa anaeleza, na mtu aliyenilea sitamficha kwa sababu ya mtu yeyote mwenye hereni.

Mvua zilipokwisha Bibi aliiwamba ngoma upya, kwa ngozi iliyokaa siku zake zote juani. Mimi nilikuwa nashika vigingi. Alipomaliza aliigonga mara moja, taratibu, na sauti ikatoka, ndogo lakini ni yenyewe, akafumba macho. Nikaona hapo ndipo pa kusema.

"Bibi, naomba kitu. Nataka kuipiga hiyo ngoma. Mimi mwenyewe, si msichana yeyote. Mara moja tu."

"Hapana," akasema, bila hata kufumbua macho. "Lakini leo umeomba vizuri."